Kutoka Kibirizi hadi Hamm: kampuni za mafuta zinashtakiwaje kwa mabadiliko ya tabianchi?

Mama mdogo wangu anaanika dagaa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, tangu mimi sijaanza shule. Siku moja, akiwa anageuza dagaa kwenye chanja, aliniuliza jambo alilokuwa nalo moyoni tangu aliposikia redioni habari za mkulima wa nchi ya mbali aliyeishtaki kampuni ya umeme kwa sababu barafu ya mlimani kwao inayeyuka. "Kwa hiyo na sisi, mwanangu, hawa wenye mafuta tunaweza kuwashtaki?" Nikamjibu, "Inawezekana, mama." Lilikuwa jibu la kweli, ila fupi mno kwa mtu ambaye giza zima la mwezi, siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa, linaweza kupita vyombo vikirudi mwaloni na ndoo chache. Hili hapa ndilo jibu refu ninalomdai.

Mkulima yule anaitwa Saúl Luciano Lliuya, wa Huaraz nchini Peru, ambaye pia huwaongoza wapanda milima. Juu ya mji wao kuna ziwa linaloitwa Palcacocha, linalopokea maji ya barafu inayoyeyuka. Mwaka 1941 ukingo wa ziwa hilo ulipasuka, maji na tope vikashuka mjini na kuua watu wengi. Baadaye ziwa likaanza kujaa upya. Mwaka 2015 Luciano alifungua kesi ya madai mjini Essen, Ujerumani, dhidi ya RWE, kampuni kubwa ya umeme iliyochoma makaa ya mawe kwa miaka mingi. RWE haikuwa na mtambo wowote Huaraz. Hoja ya Luciano ilikuwa ya hesabu: kama kampuni hii peke yake imetoa takriban asilimia 0.47 ya gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia) zote za viwanda duniani, basi ilipe asilimia 0.47 ya gharama ya kulizuia ziwa lisiimeze nyumba yangu. Fedha hiyo ilikuwa kama euro 17,000.

Mahakama ya kwanza iliitupa kesi mwaka 2016. Akakata rufaa katika mji wa Hamm, na Novemba 2017 majaji wakasema madai yake yana mashiko kisheria, twendeni kwenye ushahidi. Mei 2022 majaji wenyewe walipanda ndege pamoja na wataalamu, wakaenda kuliona ziwa na nyumba. Hukumu ilitoka tarehe 28 Mei 2025, na Luciano akashindwa. Wataalamu walikadiria uwezekano wa mafuriko kuifikia nyumba yake ndani ya miaka 30 kuwa kama asilimia moja, na mahakama ikaona hatari hiyo haitoshi. Lakini katika hukumu hiyohiyo majaji walisema kwamba kimsingi kampuni kubwa inayochafua anga inaweza kuwajibishwa chini ya sheria ya mali ya Ujerumani kwa hatari inayomkabili mtu aliye upande wa pili wa dunia, na kwamba umbali peke yake si kinga. Mkulima alirudi nyumbani bila hata senti, huku nyuma yake akiacha msingi ambao mwingine anaweza kujengea. Kesi hizi nyingi ziko hivyo, na asiyelijua hilo atakata tamaa mapema.

Ili kuona ugumu uko wapi, tusiende mbali. Hapa Kigoma, kuanzia Uvinza hadi Kakonko, hakuna mwenyekiti wa kijiji asiyeijua kesi ya ng'ombe shambani. Mwenye shamba anatakiwa aonyeshe mambo matatu: kwamba mahindi yameliwa kweli, kwamba ng'ombe walikuwa wa fulani, na kwamba ni hao walioyala, si nguruwe pori wala ukame. Akikwama kwenye moja, anarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa fikiria usiku mmoja yamepita makundi mia. Asubuhi hakuna jani. Kila mwenye kundi anaitwa barazani, na kila mmoja anasema: "Wangu walikula kidogo tu. Hata wasingepita, mahindi yangeliwa na wa wenzangu." Kwa mantiki ya zamani ya mahakama, inayouliza kama madhara yangetokea hata bila ya huyu mmoja, wote mia wanaachiwa na mwenye shamba anabaki na mabua. Kwa miaka mingi kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe zimekuwa zikijikinga kwa hoja hiyohiyo.

Kilichobadilisha mchezo ni kwamba mtu alikaa akahesabu ng'ombe. Mwaka 2014 mtafiti Richard Heede alichapisha hesabu aliyoijenga kutoka kwenye kumbukumbu za uzalishaji za kampuni zenyewe, akaonyesha kwamba asilimia 63 ya hewa ukaa na methani za viwanda zilizotolewa duniani kati ya mwaka 1751 na 2010 zinatokana na bidhaa za wazalishaji 90 tu. Wamo Chevron, ExxonMobil, BP na Shell, na wamo pia mashirika ya kiserikali kama Saudi Aramco na Gazprom. Tangu hapo, anayesema wachafuzi ni dunia nzima, kwa hiyo hakuna wa kumshika, anaweza kuonyeshwa orodha yenye majina na mafungu. Fungu la RWE katika kesi ya Luciano lilitoka katika hesabu za aina hiyo.

Kampuni hujibu, na jibu lao nalichukulia kwa uzito: sisi tunauza tu, anayechoma ni wewe, na bodaboda yako, na jenereta yako, na taa ya chombo chako. Kuna ukweli ndani yake. Mvuvi wa Katonga anayewasha injini jioni anachoma petroli kweli. Lakini sheria haimwulizi muuzaji swali la kuuza pekee. Humwuliza pia: ulijua nini kuhusu bidhaa yako, na ulimwambia nini mnunuzi? Hapo kumbukumbu zinaziumiza kampuni. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Exxon, James Black, aliwaeleza wakubwa wa kampuni hiyo kwamba kuchoma mafuta na makaa kunaongeza joto la dunia. Mwaka 1988 Shell ilikuwa na ripoti yake ya siri juu ya jambo hilohilo. Mwaka 2023 watafiti waliochapisha katika jarida la Science walipima makadirio ya joto yaliyofanywa na wanasayansi wa Exxon wenyewe kati ya 1977 na 2003, wakakuta kwamba asilimia 63 hadi 83 yalitimia kwa usahihi. Wakati huohuo, hadharani, kampuni ilikuwa ikiwaambia watu kwamba sayansi bado haina uhakika.

Ndiyo maana kesi nyingi za Marekani hazisemi "mmeuza mafuta", zinasema "mmetudanganya". Mji wa Honolulu, Hawaii, ulifungua kesi ya namna hiyo mwaka 2020. Kampuni zilipambana kuizuia isisikilizwe, zikashindwa katika Mahakama ya Juu ya Hawaii mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuingilia. Ufaransa nako, Oktoba 2025, mahakama ya Paris iliona kwamba TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya nchi hiyo, iliwapotosha wateja kwa matangazo yaliyoipamba kama kampuni iliyo mstari wa mbele katika kulinda tabianchi. Udanganyifu ni rahisi kuuthibitisha kuliko chanzo cha mafuriko. Mashahidi wake ni barua, ripoti na matangazo ya mshtakiwa mwenyewe.

Turudi ziwani, maana ndiko lilikotoka swali la mama.

Mwambao wetu una madhara mawili yanayozungumzwa sana, na mbele ya jaji hayana uzito sawa. La kwanza ni maji kupanda. Miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limefurika na kumeza nyumba, mialo na barabara, kwetu Kigoma na kwa majirani zetu wa Bujumbura, Uvira na Kalemie. Ukiona ukuta wa nyumba ya mtu umesimama katikati ya maji, moyo unakwambia kesi ni hii. Lakini fikiria wakili wa kampuni anasimama na kusema: waheshimiwa majaji, ziwa hili liliwahi kupanda kabla mafuta hayajachomwa. Naye atakuwa na ushahidi. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, maji yalikuwa karibu na mahali ambapo leo kuna mnara wa kumbukumbu; sasa kutoka pale hadi ufukweni unatembea. Mwaka 1878 ziwa lilifika kilele, likavunja kizuizi cha tope na mimea kilichokuwa kimeziba mto Lukuga upande wa Congo, kisha likashuka kwa mita nyingi. Likapanda tena miaka ya 1960 baada ya mvua kubwa za 1961. Kwa hiyo anayedai fidia ya nyumba iliyozama lazima aonyeshe ni kiasi gani cha mvua za safari hii kiliongezwa na joto la dunia, na kiasi gani kingekuja kwa mzunguko wa kawaida wa ziwa. Sayansi ya kupima hilo ipo na inakua haraka, ila kwa ziwa lenye historia ya kupanda na kushuka, kazi ni kubwa.

La pili halionekani kwa macho, na kwa maoni yangu ndilo lenye ushahidi mzito zaidi. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita zipatazo 1,470, lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu, kwa sababu chini ya mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni. Virutubisho vinazama na kukaa huko chini. Upepo wa kusi unapovuma wakati wa kiangazi, unayachanganya maji, virutubisho vinapanda, viumbe vidogo vya majini vinastawi, dagaa wanakula, na migebuka wanakula dagaa. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya yale baridi kama mawese juu ya mchuzi, na upepo uleule unashindwa kuyachanganya. Chakula kinabaki chini.

Haya si makisio ya wazee wa mwaloni, ingawa wao waliona mapema. Joto la ziwa hili lilipimwa kwa kina mwaka 1913, na mwaka 2003 watafiti wakayalinganisha maji ya sasa na vipimo hivyo vya kale. Mwaka huohuo utafiti mwingine uliochapishwa katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwani umepungua kwa karibu asilimia 20, hali inayoweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2010 wengine walisoma matope ya chini wakaona kwamba maji ya juu hayajawahi kuwa na joto la namna hii katika miaka 1,500. Wakili wa kampuni atasema ni nyavu haramu na uvuvi uliozidi. Nyavu haramu zipo, tusifiche. Lakini mwaka 2016 timu iliyochunguza mabaki ya samaki kwenye matope hayo ilionyesha kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20. Mbele ya jaji, jibu hilo lina uzito.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu gharama ya dagaa kupungua tayari ina mlipaji. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wapumzike. Sipingi kupumzisha ziwa. Ila katika hiyo miezi mitatu chanja za Kibirizi zilikuwa tupu, na waliolala na hesabu ngumu za ada na marejesho ya vikoba ni wanawake wa mwaloni, ambao fungu lao katika joto la dunia halionekani hata kwa darubini.

Sasa, tuseme ushahidi upo. Bado kuna mlango. Waliowahi kufika mahakamani wanalijua neno "pingamizi la awali". Kabla shahidi hajafungua mdomo, upande wa pili unasimama na kusema: mahakama hii haina mamlaka, au mdai hana haki ya kudai, au muda umepita. Kesi nyingi za tabianchi zinafia hapo mlangoni.

Mfano wa karibu umepita kwa jirani zetu wa Tabora. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linapita Nzega na Igunga, na kiwanda cha kuyafunika mabomba kwa tabaka la kutunza joto kilijengwa Sojo, wilayani Nzega. TotalEnergies ina hisa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na ya Tanzania yana 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8. Novemba 2020 asasi nne zilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha zikipinga mradi huo kwa sababu za mazingira, haki za watu na tabianchi. Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au akijue. Novemba 2023 mahakama ikasema wamechelewa, walipaswa kuja tangu makubaliano ya mwaka 2017. Wakakata rufaa. Katika hukumu ile ya 2023 hakuna jaji aliyepima kama bomba linaharibu tabianchi au haliharibu. Kesi ilikwama kwenye kalenda. Miezi miwili, kwa mwanakijiji anayesikia habari ya mkataba wa kimataifa miaka mitatu baadaye, ni mlango uliofungwa kabla hajafika, na naamini kifungu hicho kinahitaji kurekebishwa.

Mlango mwingine ni wa mahali. Ukimshtaki mwenye mafuta Kigoma ukashinda, na mali zake zote ziko Ulaya, hukumu utaitekeleza wapi? Ndiyo maana walalamikaji wa Afrika hufuata kampuni mama nyumbani kwake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu wanakijiji wa Zambia, majirani zetu wa kusini mwa ziwa, kuishtaki kampuni ya madini ya Vedanta huko London kwa uchafuzi wa mgodi wa shaba wa Chingola. Mwaka 2021 ikafanya vivyo hivyo kwa Wanigeria dhidi ya Shell. Ufaransa ina sheria ya mwaka 2017 inayozibana kampuni kubwa ziangalie madhara ya miradi yao popote ilipo. Kesi ya kwanza ya Waganda na wenzao dhidi ya TotalEnergies ilikataliwa Februari 2023 kwa sababu za utaratibu, na Juni mwaka huohuo Waganda 26 wakafungua nyingine wakidai fidia.

Nyumbani nako hatuko mikono mitupu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo. Jiji likaomba liongezewe muda wa kulitumia, na Mahakama Kuu ikakataa, ikisema kuhatarisha afya za watu ni kuvunja haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Miaka michache baadaye wakazi wa Kunduchi wakashinda kesi kama hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaongeza kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na anaweza kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa. Upande mwingine, marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria ya haki za msingi yalimtaka anayefungua kesi ya kikatiba aonyeshe yeye binafsi ameathirika vipi. Kwa mwanaharakati wa mjini hicho kilikuwa kikwazo. Mama mwenye chanja tupu analo la kuonyesha.

Kuna pia njia ya kuzibana serikali ili nazo zizibane kampuni. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi lililoanzishwa na wanafunzi wa visiwa vya Pasifiki na kubebwa na Vanuatu, ilitoa maoni kwamba nchi ina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi, na kwamba kutoa leseni za kutafuta mafuta na gesi au ruzuku kwa nishati hizo kunaweza kuwa kosa la kimataifa. Haya ni maoni ya ushauri, si hukumu ya kumkamata mtu, lakini mawakili duniani kote sasa wanayanukuu. Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika ulipeleka ombi kama hilo kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hapahapa kwetu. Mahakama hiyo husikiliza kesi dhidi ya nchi, si kampuni, na tangu Tanzania ilipoondoa mwaka 2019 tamko lake la kuwaruhusu wananchi kufungua kesi huko, mwananchi hawezi tena kuipelekea kesi moja kwa moja dhidi ya nchi yetu. Ningependa tamko hilo lirudi.

Na ukishinda, unapata nini? Hukumu ya kampuni kupunguza uchafuzi ilishawahi kutolewa: Mei 2021 mahakama ya The Hague, Uholanzi, iliiamuru Shell ipunguze gesijoto kwa asilimia 45 kufikia 2030. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ikaitengua. Ilikubali kwamba Shell ina wajibu wa kupunguza, ikakataa kuitajia kiwango. Nigeria, mwaka 2005, mahakama ilisema uchomaji wa gesi hovyo katika visima vya mafuta unavunja haki ya kuishi, na miali ya gesi ikaendelea kuwaka. Hukumu nayo inahitaji mtu wa kuisimamia.

Juzi nilirudi Kibirizi nikamsimulia mama mdogo haya yote, kipande kwa kipande, akiwa anafunga magunia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ile hatari ya Luciano waliipimaje. Nikamwambia kulikuwa na vipimo vya ziwa vya miaka mingi. Akaingia ndani, akatoka na daftari la jalada gumu, limelowa pembeni. Ndani yake kuna ndoo alizonunua kila giza, bei, na jina la chombo, tangu mwaka 2009. Alikuwa akiliandika kwa ajili ya madeni. Nimelipiga picha kurasa zote, na wiki ijayo tunakwenda nalo kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI hapa Kigoma, tuwaulize kama linaweza kusomwa pamoja na vipimo vyao.